Nyasi za Mtu Mwingine

Kuna watu wanaoogopa giza, wengine fisi, wengine majini wa kwenye vichuguu. Korane aliogopa asubuhi ya kuhama. Wanawake wakianza kushusha mikeka na kung'oa fito za nyumba, ngamia wa mizigo wakipigishwa magoti huku wakilalamika, mikono yake ilipoa, naye akakimbilia kazi yoyote iliyokuwa karibu ili asionekane amesimama bure. Watu wakamsifu kwa uchapakazi. Hawakujua kuwa ilikuwa hofu tupu.

Hofu hiyo aliipata utotoni, kabla Serikali ya Waingereza haijaonekana Garissa. Ulikuwa mwaka wa ukame, na kambi yao ilikuwa inahama kwa haraka. Korane, mtoto wa kuchunga wanambuzi, alimwona babu yake ameketi ndani ya boma la miiba, kiriba cha maji mapajani, tasbihi mkononi, uso ameugeuzia upande mwingine. Fito za nyumba yake zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Mtoto akapandishwa juu ya mizigo, ngamia wakaondoka, na yule mzee akabaki pale pale. Korane aligeuza shingo kumtazama mpaka ikamuuma. Hakuna aliyemweleza kitu, naye hakuthubutu kuuliza. Akajijibu mwenyewe, kama watoto wanavyojijibu wakubwa wanaponyamaza: anayeachwa ni yule asiyefaa. Basi mimi nitafaa.

Na akafaa kweli. Mpaka kufikia miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini hapakuwa na mtu katika kambi ya Mursal aliyefaa kumliko. Ndiye aliyekuwa mtafuta malisho. Kwa watu wa ngamia hiyo si kazi ya kila mwenye miguu. Mtafuta malisho hutoka peke yake na mkuki wake na kibuyu cha maziwa, hutembea nchi kavu akitazama mvua imenyesha wapi, nyasi zimeota kiasi gani, dimbwi lina maji ya muda gani na nani amekwisha kufika hapo. Akirudi hapiti nyumbani kwake. Hamwamkii mkewe wala hanywi maji, kwa sababu mtu aliyekwisha kunyweshwa huanza kusema maneno ya kumpendeza aliyemnywesha. Huenda moja kwa moja kwa wazee walioketi kwenye mikeka, huweka chini nyasi alizozichuma, na husema yale tu ambayo macho yake yameona. Akimaliza ndipo maziwa huletwa, na yeye hunywa wa kwanza. Kesho yake kambi nzima hung'oa nyumba na kufuata maneno yake.

Kwa miaka mingi Korane aliweka nyasi zake chini na hakukosea. Mkeka wake ulikuwa karibu na wa Mursal mwenyewe, mkuu wa kambi, mtu mgumu wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Rukiyo, mkewe Korane, alikuwa akimtania kwamba ameioa kazi na yeye kamfanya mke mdogo. Korane alicheka, lakini hakukaa. Hata siku ambazo hapakuwa na cha kutafuta alikuwa anatafuta.

Kisha macho yakaanza kufa.

Kwanza yaliwasha, yakatoa tongo, kama macho ya watu wengi wa nchi ile ya vumbi na inzi. Baadaye ukungu ukaingia. Mti wa mbali ukawa kivuli, mtu akawa mti, na ngamia wake mwenyewe akawa anamtambua kwa mlio. Korane hakumwambia mtu. Alijifunza kutembea nyuma ya wenzake, kucheka wenzake wakicheka, kusema "naona" jambo ambalo amelisikia tu. Kila usiku alilala akihesabu waliomtazama vibaya mchana. Rukiyo alijua tangu siku alipomwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Akapangusa mkeka, akanyamaza, maana naye aliogopa.

Katikati ya miaka ya thelathini mvua zilikataa. Kambi ilikuwa visimani karibu na Modogashe, pamoja na watu wengine wengi mno, na kila siku maji yalipanda yakiwa machache na machafu zaidi. Kwenda mto Tana kulikuwa ni kuwapeleka ngamia kwa inzi wanaowaua. Wazee wakasema atoke Korane aelekee kaskazini akalitazame bonde la Dima, kwa kuwa radi ilionekana upande huo.

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulikuwepo, wazee walikuwepo, na mchana ulikuwa mweupe. Badala yake alichukua mkuki na kibuyu, akaondoka kwa mwendo wa haraka ili wamwone jinsi anavyokwenda.

Akapotea. Korane, aliyewahi kupita njia hiyo mara zisizo na idadi, alipotea kama mgeni. Alilifuata jua, akakuta kilima ambacho hakikupaswa kuwepo. Akarudi nyuma, akakuta nyayo za mtu, akainama kuzipapasa na kugundua kuwa ni zake mwenyewe. Maziwa yakaisha. Aliketi chini ya kijiti chenye miiba, na hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya kufa kwa kiu. Alihofia watamkuta wapi, na watasema nini wakimkuta.

Aliyemkuta ni mtu mmoja aliyeitwa Aden, mchungaji wa kambi nyingine, aliyekuwa akitoka Dima na ngamia wake wachache. Akampa maziwa, akamweleza habari bila kuulizwa: bonde limejaa maji, nyasi zinafika magotini, na watu bado hawajawa wengi. Juu ya mzigo wake alikuwa na fungu la nyasi mbichi za kumlisha mwanangamia. Korane akaomba kidogo, Aden akampa. Nyasi zikanukia mvua.

Angalieni sasa ubaya wa mambo. Angeweza kurudi na kusema: sikufika, lakini nimekutana na mtu aliyefika. Wazee wangetuma mwingine akahakikishe, na yeye angepumzika. Lakini mtafuta malisho asiyefika ni nani? Njia nzima, huku Aden akimsindikiza mpaka palipoonekana moshi wa kambi, Korane alijaribu kulisema neno hilo kwa sauti ndogo, na kila alipolijaribu alimwona babu yake ndani ya boma.

Akaingia kambini, akapita nyumba yake, akaweka nyasi mbele ya wazee.

"Nimeona," akasema.

Wakamuuliza umbali, akawaambia. Wakamuuliza maji, akayasema aliyoyasema Aden. Maziwa yakaletwa, akanywa wa kwanza, na hayakuwa na ladha yoyote. Kesho yake nyumba ziling'olewa.

Kutoka visimani hadi Dima hapana maji. Katikati kuna laga, mto mkavu wa mchanga, na kila mtu katika kambi aliijua maana yake: ukiwa upande wa huku wa laga unaweza kurudi visimani na watoto wakiwa hai. Ukishavuka, mbele ni mbele. Korane alitembea siku nzima akisikia mitungi ikigongana juu ya ngamia, nayo kila saa iligongana kwa sauti tupu zaidi. Alimsikia mtoto mchanga wa Amino, jirani yao, akilia, na akaona nafuu, kwa sababu anayelia bado ana maji mwilini. Kama Aden alikuwa mwongo je? Kama ulikuwa mzaha wa wachungaji, au ndoto, au alizungumzia Dima nyingine? Jasho lilimtoka hata kivulini.

Walifika kwenye laga jioni, wakalala. Asubuhi, wanawake wakiwa tayari wanafunga mizigo, Rukiyo alimfuata alikokuwa akijifanya anakaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa.

"Uliliona lile bonde?" akamuuliza.

Korane akaivuta kamba tena.

"Basi waambie kabla hatujavuka. La sivyo nitawaambia mimi."

"Rukiyo, wakijua, mimi nitakuwa nani?"

"Sijui. Nilipoolewa nawe ulikuwa hujatafuta malisho hata ya mbuzi wa baba yako, na nilikuja." Akamnyang'anya ile kamba. "Kuna watoto wa watu hapa, Korane."

Akaenda. Baadaye aliwaambia watu kwamba mwendo ule kutoka kwa ngamia wake hadi alipokuwa Mursal ulikuwa mrefu kuliko safari zake zote. Mursal alikuwa ameshika kamba ya ngamia wa mbele, mguu mmoja tayari mchangani.

"Sikuliona," Korane akasema.

"Hukuona nini?"

"Bonde. Sikufika. Macho yangu yamekufa, Mursal. Nilipotea, nikapewa nyasi na mtu."

Kelele za kupakia zilikatika, hapa na pale, mpaka wakabaki ngamia peke yao. Mursal aliiachia kamba.

"Yamekufa tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na umetutoa visimani."

"Nimewatoa."

Korane alisubiri kupigwa. Angependa kupigwa. Mursal akamgeuzia mgongo, akamwita Keinan, kijana mwenye miguu mirefu kuliko wote, akamwambia aende Dima na arudi asilale njiani. Wengine waliambiwa wachimbe mchanga wa laga wangoje.

Kungoja kule ndiko kulikowamaliza. Mchanga ulitoa maji ya kulowesha kitambaa, si ya kujaza kikombe. Mbuzi walianza kulala chini bila kuinuka. Ngamia jike wa Mursal, aliyekuwa na mimba kubwa, akaiharibu. Mtoto wa Amino akaacha kulia, na Amino akawa anamtikisa kila mara, akiangalia kama kope zinacheza. Hakuna aliyemtukana Korane. Walimpita kama wanavyokipita kichaka. Akaona dawa ni kazi, akashuka kwenye shimo akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoa damu, na moyo ukaanza kumtulia kidogo, hadi aliposikia sauti ya Mursal juu yake.

"Toka humo. Mchanga unaoutupa unaangukia shimo la wenzako."

Alikuwa amelifukia nusu. Akatoka, akaketi kando. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake Korane alikaa asifanye kitu huku wengine wanafanya kazi, na kila pumzi ilimwogopesha.

Keinan alirudi midomo imepasuka, na anacheka. Dima imejaa. Maji yanamfika mtu kifuani, nyasi zinafika magotini, watu ni wachache. Kila neno la Aden lilikuwa kweli.

Furaha ikawa fupi, maana watu walianza kupiga hesabu vichwani. Angenyamaza wangekuwa wamefika juzi. Mbuzi wangekuwa hai, na ngamia wa Mursal na mimba yake. Alidanganya pasipo sababu, akatubu pasipo faida. Yaani hata kukosea alikosea. Mtu mmoja alicheka kwa hasira, mwingine akatema mate. Mtoto wa Amino alipewa maziwa kidogo aliyokuja nayo Keinan, akanyonya kitambaa, akalia, na mama yake akalia naye.

Asubuhi ya kuvuka, mizigo ikifungwa, Korane hakukimbilia kazi. Aliketi kando ya miiba waliyokuwa wamezungushia mbuzi, akaulaza mkuki wake chini, akavua shuka yake ya begani.

"Mpe kaka yako," akamwambia Rukiyo. "Niachie maji kidogo kama yapo. Kama hayapo, nendeni tu."

Rukiyo alisimama akamtazama. Alielewa anachokisema. Akaondoka mbio, na Korane akafikiri ndiyo kwaheri. Akageuza uso upande mwingine ili asiwaone wakienda, ingawa hata angetazama asingewaona.

Akasikia kishindo cha ngamia kikisimama mbele yake, na kutoka juu ya ngamia sauti aliyoijua vizuri. Ilikuwa ya Arbia, mama yake Mursal, ambaye kambi nzima ilimwita Ayeyo, bibi. Arbia hakuwa na meno wala miguu ya kutembelea. Kwa miaka mingi hakusuka mkeka, hakukama mbuzi, hakutoa shauri lililofaa. Kazi yake ilikuwa kutafuna tumbaku, kudai maziwa kabla ya wengine na kuwatukana waliompakia kwamba wamempakia vibaya.

"Unangoja nini hapo?" akauliza.

"Mnajua, Ayeyo. Sifai tena."

"Na mimi nafaa? Nitajie jambo moja nililolifanya tangu Mursal aote ndevu."

Korane alitafuta, akakosa. Rukiyo, aliyekuwa ameshika kamba ya ngamia yule akihema, akakaribia kucheka.

"Wewe ni mama yetu," Korane akasema mwishowe.

"Mimi ni mzigo wenye mdomo. Kila asubuhi ya kuhama mnanipandisha, nami nakuoneni mnavyotoka jasho. Hukuniona miaka yote hii? Wakati huo macho yako yalikuwa mazima."

Hapo neno lililomkaa kooni tangu utotoni likamtoka. "Babu yangu mlimwacha."

Arbia aliacha kutafuna tumbaku. Ngamia akahamisha mguu.

"Tulimwacha," akasema. "Ngamia wake alianguka jana yake, na waliobaki walikuwa na watoto juu. Yeye ndiye aliyetuambia twende. Nilikuwa bi harusi, mikono bado ina hina, na kile kiriba nilikijaza mimi. Tulikuwa waoga na tulikuwa na kiu. Lakini hakuna aliyekaa akampima kama anafaa au hafai. Mama yako hakula siku ngapi, mimi sijui."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Kila nikikutazama una shughuli." Akatema tumbaku yake. "Leo ngamia wapo. Simama, shika mkia huu, na usinivute."

Korane alisimama. Nasema alisimama, sisemi aliacha kuogopa. Alivuka laga ameshika mkia wa ngamia wa Arbia, akitukanwa njia nzima kwa kuvuta na kwa kutovuta, mpaka Dima.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kipofu kabisa, mpaka miaka ya hamsini, alipofia Garissa katika nyumba ya mpwa wake, mkewe Rukiyo akiwa pembeni. Hakuna alichokifanya katika miaka hiyo cha kumsimulia mtu. Hakuwa mshairi wala mganga, wala hakutokea kuwa mshauri wa hekima kama vipofu wa hadithi. Asubuhi za kuhama ziliendelea kumpoza mikono. Alikuwa akiuliza, "Nani ananichukua?" na yeyote aliyekuwa karibu alijibu "Mimi," hata watoto, hata wakiwa na hasira naye. Alihitaji kuuliza kila mara, na kila mara alijibiwa.

Lakini siku watu wake wanayoikumbuka zaidi ilikuwa pale pale Dima, nyasi zilipoanza kwisha. Keinan alikuwa ametumwa kutafuta malisho mapya, na mchana mmoja ikasikika kwamba amerudi. Wazee wakatandika mikeka. Korane alijificha nyuma ya nyumba yake. Aliogopa kwenda akaonekana anang'ang'ania mahali pasipo pake, na aliogopa kutokwenda akasahaulika kabisa, na katikati ya hofu hizo mbili alikaa akichezea kamba.

Mursal akaja mwenyewe.

"Tunakungoja. Kijana ana kiu na hawezi kunywa mpaka aseme, na hawezi kusema ilhali kuna mtu hajafika."

"Sina la kusema huko, Mursal. Sina macho ya kupima anachosema."

"Nani kakuambia tunataka useme?"

"Bado umenikasirikia."

"Nimekukasirikia, na nitaendelea. Yule ngamia nilimlea mwenyewe. Njoo ukae."

Akamshika mkono akampeleka. Mkeka wake ulikuwa umetandikwa mahali pake pa zamani. Aliupapasa kabla ya kukaa, asiamini. Keinan akaweka nyasi chini, akasema aliyoyaona. Wazee wakauliza umbali, wakauliza maji, wakauliza kupe. Korane alikaa wima, jasho likimtiririka mgongoni, akingoja zamu yake ya kuulizwa, akijiuliza atajibu nini watakapogundua kwamba hana kitu. Maswali yakaisha. Hakuna aliyemuuliza.

Maziwa yakaletwa. Keinan alikunywa wa kwanza, kama ilivyo desturi, kisha kibuyu kikapita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia yeye. Korane alikishika kwa mikono miwili, asikipeleke mdomoni.

"Sikusema kitu," akamnong'oneza Mursal.

"Nimesikia," Mursal akasema. "Kunywa, wenzako wanangoja."